Kitufe Kimoja kwa Kila Bweni, na Mtu wa Kukiitikia

Barua ya wazi kwa Bodi za Usimamizi za shule za bweni za Embu, Tharaka Nithi na Meru



Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Meru hupita Makutano mbili. Ya kwanza iko upande wa Mwea, pale barabara ya Sagana na Nyeri inapoachana na ile ya Embu. Ya pili ni mtaa wa mji wa Meru wenyewe. Kati ya hizo mbili, barabara hupanda na kushuka ubavuni mwa Mlima Kenya ikipitia Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, na kila baada ya mwendo mfupi msafiri huona kibao cha shule ya bweni. Kangaru, Chogoria Girls, Kaaga Girls na Meru School ni majina yanayojulikana nchi nzima. Zipo nyingine nyingi zisizo na jina kubwa, za umma, za kanisa na za watu binafsi, ambazo watoto wake hulala ndani kabisa ya mashamba ya chai, kahawa na miraa, mbali na lami. Barua hii inazihusu bodi za shule hizo zote, na ombi lake ni moja: kabla ya muhula ujao kufunguliwa, kila bweni liwekewe kitufe cha dharura kisichotumia waya, kiunganishwe na kengele ya jengo, na bodi iandike jina la mtu atakayeamka kitufe hicho kikibonyezwa.

Tuanze na jambo ambalo watu wazima hulisahau kwa sababu wao wenyewe haliwagusi. Katika benki, hoteli, duka la M-Pesa au ploti ya wapangaji pale Makutano ya Meru, mtu akivamiwa usiku ana simu mkononi. Mwanafunzi wa bweni hana. Shule zetu huwakataza wanafunzi simu, na sababu zake zinaeleweka. Hata hivyo, shule inayompokonya mtoto simu langoni, ikamlaza chumba kimoja na wenzake mia moja na kumtaka asitoke hadi alfajiri, imebeba deni. Imemnyima njia ya kuita msaada, kwa hiyo inampasa kumpa nyingine. Kwa sasa, katika mabweni mengi, njia hiyo ni mayowe.

Mayowe hayatoshi, na Meru inalijua hilo kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Usiku wa 13 Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mchanganyiko ya St. Kizito huko Tigania, wavulana waliokuwa wakigoma waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga nao. Wasichana walikimbilia bweni moja wakajifungia. Mlango ukavunjwa. Wasichana 19 walikufa, wengi wao kwa kukosa hewa na kukanyagana katika msongamano ule, na wengine 71 walibakwa. Nchi ililia, magazeti ya dunia yakaandika, shule ikafungwa na baadaye ikafunguliwa upya kwa jina jingine. Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi vijijini, na mfumo wa kengele ulikuwa kitu cha benki na ubalozi. Leo vifaa hivyo vinauzwa madukani katika miji yetu, lakini msichana aliyelala bweni lililo mbali na nyumba za walimu bado anaitegemea sauti yake, kama walivyoitegemea wasichana wa 1991.

Kisha kuna moto. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High School walichomwa wakiwa chumbani mwao usiku. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos, ambamo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls School, Nairobi. Mwaka 2016 pekee, zaidi ya shule 100 zilipatwa na moto katika wimbi moja la ghasia. Halafu ikaja Hillside Endarasha Academy, ng'ambo ya pili ya mlima huu huu, katika Kaunti ya Nyeri. Usiku wa 5 Septemba 2024 moto uliwaka katika bweni la wavulana 156, bweni la mbao, watoto wakiwa wamelala. Wavulana 21 walikufa.

Siku moja kabla ya Endarasha, mbali kabisa na hapa, jambo jingine lilitokea ambalo kila bodi ingefaa kulitazama. Asubuhi ya 4 Septemba 2024, mwanafunzi mwenye bunduki alifyatua risasi katika Apalachee High School, mji wa Winder, jimbo la Georgia, Marekani. Walimu wa shule ile walikuwa wamevaa beji zenye kitufe cha dharura kisicho na waya, walizopewa takriban wiki moja tu kabla. Walibonyeza, taarifa ikawafikia polisi papo hapo pamoja na mahali inapotoka, na mvamizi akakamatwa baada ya dakika chache. Watu wanne walikufa, na kitufe hakikuwarudisha. Lakini mkuu wa polisi wa kaunti ile alisema wazi kwamba beji zile ziliwasaidia maafisa wake. Marekani imefika hapo kwa uchungu: sheria ya New Jersey ya mwaka 2019, inayotaka kila shule ya umma ya msingi na sekondari iwe na kitufe cha kuita polisi kimyakimya, inaitwa kwa jina la Alyssa Alhadeff, msichana aliyeuawa shuleni Parkland, Florida, tarehe 14 Februari 2018.

Kenya haikukosa maandishi. Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na vifaa vya kuzima moto viwekwe penye kila mlango pamoja na kengele zinazofikiwa kwa urahisi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipa bodi yenyewe jukumu la usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi. Baada ya Endarasha, wizara ilifanya ukaguzi na kuamuru sehemu za bweni za shule 348 za msingi zifungwe. Kengele basi si takwa jipya la mwandishi wa barua hii. Imo katika mwongozo tangu 2008. Katika shule nyingi, inayoitwa kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini karibu na ofisi, na ili kuigonga usiku ni lazima mtu atoke bwenini, avuke uwanja gizani, atafute nyundo. Mwenye kuhitaji msaada ndiye asiyeweza kufanya safari hiyo.

Kwa nini kitufe kisicho na waya, na si kile cha kawaida cha ukutani? Kwa sababu mabweni yenyewe tayari yamejengwa. Kupitisha waya kutoka bweni hadi ofisini ni kuchimba mtaro uwanjani, kutoboa kuta za mawe na kufukua sakafu, na hapo ndipo mradi unapokwama kwenye bajeti. Tena waya ni kitu cha kwanza kukatwa na mtu mwenye nia mbaya, na moto huuyeyusha mapema. Kitufe cha redio hakina hayo. Ni kidogo kama kiberiti. Ndani yake mna kirusha mawimbi na betri ya lithiamu ya volti 3. Kikibonyezwa hurusha namba yake ya utambulisho hadi kwenye paneli, yaani kisanduku kinachoendesha kengele nzima, na paneli huwasha king'ora, hupiga simu au hutuma ujumbe. Kinapigiliwa kwa skrubu mbili.

Wepesi huo ndio unaowaponza wengi. Fundi akija asubuhi, akapigilia vitufe sita na kuondoka kabla ya chai ya saa nne, bodi isifurahi. Kazi yenyewe haijafanyika.

Kazi yenyewe huanzia kwenye paneli. Fundi husajili namba ya kila kitufe na kukipa eneo lake kwa jina: bweni la juu, bweni la chini, chumba cha matroni, zahanati. Eneo la kitufe cha dharura lazima liwekwe kuwa la saa 24, ili liitikie hata wakati mfumo mzima umezimwa. Akilisajili kama mlango wa kawaida, kitufe kitaamka tu baada ya mtu kuwasha kengele kwa namba ya siri, kama inavyofanywa dukani jioni, na bweni lenye watoto ndani halina saa ya kufungwa na kuwashwa namna hiyo. Hili ni kosa la sekunde mbili ambalo hakuna mtu atakayeligundua hadi usiku wa shida.

Halafu kuna kupima ishara. Watengenezaji huandika kwenye boksi umbali wa uwanjani, pasipo kizuizi. Bweni halifanani na uwanja. Lina paa la mabati, mara nyingine na kuta za mabati, mlango wa chuma, na safu za vitanda vya chuma vya dabo-deka kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma hurudisha mawimbi ya redio, na jiwe zito huyapunguza. Kwa hiyo mafundi wawili wanahitajika: mmoja anasimama mbele ya paneli, mwingine anatembea na kitufe, kitanda baada ya kitanda, akibonyeza na kusubiri mwenzake apige kelele kwamba imefika. Wafanye hivyo mlango wa chuma ukiwa umefungwa kama unavyofungwa usiku, maana kitufe kinachosikika mchana mlango ukiwa wazi kinaweza kunyamaza saa saba za usiku. Ishara ikififia, huongezwa kirudishi, yaani kifaa kinachopokea ishara na kuirusha upya, katikati ya njia, au paneli huhamishwa. Shule hupenda kuiweka paneli katika ofisi ya mhasibu, nyuma ya mlango wa chuma na grili nzito, ili isiibwe. Huko imehifadhiwa vizuri, na imezibwa masikio.

Masafa nayo yana neno. Mzazi au mhisani aliye Marekani anaweza kuleta vifaa kwenye sanduku kwa moyo mwema kabisa. Vingi vya huko hutumia megahezi 345 au 319, ilhali upande huu wa dunia vifaa vidogo vya aina hii hutumia 433 au 868. Kitufe cha masafa fulani hakizungumzi na paneli ya masafa mengine, hata vikae meza moja. Vifaa vya redio pia vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Bodi imwombe muuzaji aonyeshe idhini hiyo kabla ya kutia saini hundi.

Stima ni suala ambalo hakuna mkazi wa Meru au Embu anayehitaji kufafanuliwa. Usiku wa 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Paneli nzuri huwa na betri yake ya akiba ya volti 12, na huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Betri hiyo huzeeka baada ya miaka michache hata kama haikutumika, kwa hiyo tarehe ya kununuliwa iandikwe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Vivyo hivyo laini ya simu iliyo ndani ya paneli: isajiliwe kwa jina la shule, isibaki kwa jina la fundi, na isiishiwe salio. Mfumo wa maelfu ya shilingi unaweza kunyamaza kwa kukosa shilingi chache za ujumbe. Kandokando ya mabonde ya Thuci na Nithi, ambako mtandao hupanda na kushuka pamoja na barabara, fundi apime kwanza ni kampuni gani ya simu inayoshika vizuri pale paneli itakapokaa.

Kuna aina mbili za kitufe, na tofauti yake ni muhimu. Kilichopigiliwa ukutani hakiendi popote, kwa hiyo kinaweza kusimamiwa: kila baada ya muda hujitambulisha chenyewe kwa paneli, na kikinyamaza kwa saa kadhaa paneli huonyesha hitilafu. Cha kubebwa, ambacho matroni hukivaa shingoni au mlinzi hukitia mfukoni, hakiwezi kusimamiwa hivyo, maana siku matroni akienda kwao Igoji nacho mfukoni, paneli itadhani kimekufa. Kitufe cha kubebwa basi hakina mtu wa kukiuliza hali isipokuwa yule anayekibeba. Kijaribiwe kila wiki, siku ileile, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Matroni anastahili kuwa nacho. Yeye ndiye mtu mzima anayelala karibu zaidi na watoto, na mara nyingi ndiye mfanyakazi asiyeulizwa maoni pesa zinapogawanywa.

Sasa tufike kwenye swali ambalo bila jibu lake haya yote ni pesa za wazazi zilizopotea: nani anaitikia?

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto. Lakini gari la zimamoto linalotoka mjini Meru kwenda Tigania au Igembe, au linalotoka Embu kwenda ndani ya Mbeere, lina safari ya kufanya, na bweni la mbao haliwezi kuingoja. Polisi nao wana eneo kubwa. Wa kwanza kufika watakuwa mlinzi wa usiku, walimu wanaoishi shuleni, na majirani. Ndiyo maana kengele ya bweni inapaswa kuwa ya sauti kubwa, king'ora kinachosikika hadi kilima cha pili. Zipo kengele za kimya, ambazo humwita polisi bila mvamizi kujua, na hizo zinafaa ofisi ya mhasibu siku ya kupokea karo. Bwenini kimya hakimsaidii mtoto. Kelele humtisha mvamizi, huwaamsha waliolala, na huwaleta watu wa Nyumba Kumi, ambao wamezoea kutoka na tochi na panga wakisikia nduru. Ila ni lazima majirani hao wawe wameambiwa mapema king'ora kile ni cha nini, na lango gani litafunguliwa kwa ajili yao. Chifu akialikwa shuleni siku ya majaribio, habari itafika kwenye kila boma.

Pamoja na sauti, paneli itume ujumbe kwa watu wanaojulikana: mwalimu mkuu, naibu wake, mwalimu wa zamu, kituo cha polisi kilicho karibu, kituo cha zimamoto cha kaunti. Kwa shule iliyo karibu na mji, kampuni ya ulinzi yenye chumba cha kupokea ishara saa 24 inaweza kuongezwa. Mkataba useme gari la kuitikia linatoka wapi. Kampuni ambayo gari lake la karibu liko kaunti nyingine inauza matumaini.

Bodi zitauliza kuhusu watoto watundu, na swali hilo ni la haki. Kitufe kinaweza kuwekewa kifuniko cha plastiki, na kinaweza kupangwa ili kiitikie tu kikishikiliwa kwa sekunde mbili au vitufe viwili vikibonyezwa pamoja. Paneli pia huweka kumbukumbu ya kitufe kipi kilibonyezwa na saa ngapi. Lakini mtoto aliyebonyeza kwa hofu, kisha ikaonekana hapakuwa na hatari, asichapwe wala asiitiwe mzazi. Siku bodi itakapomwadhibu mtoto wa namna hiyo, bweni zima litajifunza kutogusa kitufe tena, na halitakigusa hata pale moshi utakapoingia.

Na wengine watasema pesa ziende kwanza kwenye milango na madirisha. Wana haki kabisa. Kitufe hakifungui kufuli. Shule ambayo bado ina vyuma madirishani, au yenye mlango mmoja unaofungwa kwa nje usiku, ianze kwa kukata vyuma hivyo wiki hii, na barua hii isitumiwe kama kisingizio cha kuchelewesha. Lakini milango mizuri bila kengele huwaacha waliolala wakiwa wamelala. Endarasha moto ulianza mnamo saa tano usiku. Kuna dakika chache sana kati ya mtoto wa kwanza kunusa moshi na moshi huo kuwalemea wenzake, na katika dakika hizo, anayenusa kwanza anahitaji kitu ukutani, kwa kimo chake, ambacho kitaamsha jengo lote kwa mara moja. Kwa kimo chake, kwa sababu vifaa vingi hupigiliwa kwa kimo cha fundi. Katika bweni la watoto wa miaka tisa, fundi apige magoti kwanza, ndipo atie alama ya skrubu.

Kila bodi inaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, na kumwalika matroni na kiranja wa bweni mmoja waeleze ni nini hasa hutokea mtoto akiugua au mgeni akiingia usiku. Kisha jaribio la kwanza lifanyike usiku, saa ambayo hakuna aliyeitarajia isipokuwa mwenyekiti na mwalimu mkuu, na saa mbili ziandikwe: ya kitufe kubonyezwa, na ya mtu mzima wa kwanza kufika mlangoni. Saa hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo langoni pamoja na jina la bweni, ili mzazi anayeleta mtoto siku ya kufungua shule azisome kabla hajashusha sanduku.